Kadi Isiyo na Picha

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu bila hilo nisingeitafuta historia hii.

Mwaka juzi nilikuwa mkalimani katika mradi mmoja wa vijana hapa Nakivale. Kazi yenyewe ni kukaa katikati: huku mshauri anayesema Kiingereza, huku kijana anayesema Kiswahili chetu cha Kivu. Siku moja akaletwa kijana wa miaka 15 aliyepigana kwenye foleni ya maji. Mshauri akapanga mezani kadi zenye picha za nyuso. Uso unaocheka, uso unaolia, uso wenye hasira, na mwingine ambao hata mimi sikujua unafanya nini. Akasema, mwulize leo anajisikia kama uso gani. Nikamwuliza. Kijana akaziangalia zile kadi, akaangalia mlango, kiisha akanijibu polepole: "Yaya, aba batu mi sibajuwe." Yaani, watu hawa mimi siwajui.

Nilimtafsiria mshauri kwamba kijana hataki kujibu. Ndiyo hivyo nilivyosema, bila aibu. Nje kulikuwa na wengine wengi wanangoja, jua kali, na mshauri akaniachia fomu nimalizie mimi sehemu ya chini, ile ya maoni, mstari mmoja tu. Nikaandika kwa Kiingereza maneno ya kusema kwamba hana ushirikiano na ana fujo. Wiki tatu baadaye jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya mafunzo ya kuchomelea vyuma. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya mstari wangu. Hakuna aliyeniambia siyo.

Nilimsimulia jambo hilo mzee mmoja, mwalimu wa zamani aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na kitabu chenye kurasa zilizolegea, Viumbe Waliolaaniwa, cha Frantz Fanon, tafsiri ya Kiswahili ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Akaniambia: "Watu wote wanaanza na sura ya kwanza, ile ya vita. Wewe anza nyuma, kwa wagonjwa." Nikaanza nyuma. Mengine nimeyasoma baadaye kwenye simu, usiku, kidogo kidogo kadiri bando lilivyoruhusu.

Fanon alizaliwa mwaka 1925 kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa kule Karibi. Alikuwa Mweusi, na shuleni walifundishwa kwamba mababu zao ni Wagauli, yaani wazungu wa kale wa Ufaransa. Akiwa bado kijana alikwenda kupigana upande wa Ufaransa huru dhidi ya Wajerumani, akajeruhiwa, kisha akasoma udaktari mjini Lyon. Huko akaona kitu ambacho mkalimani yeyote wa hospitali atakitambua.

Lyon ilikuwa na vibarua wengi kutoka Afrika Kaskazini. Mmoja anakuja hospitali, anaulizwa unaumwa wapi, anasema tumboni, kisha anashika kifua, kisha kichwa, kisha mwili mzima. Daktari anachoka. Anaona huyu ni mvivu anayetafuta siku za kupumzika, au ni mwongo. Mwezi wa pili mwaka 1952 Fanon alichapisha makala juu ya jambo hilo katika jarida la Kifaransa liitwalo Esprit. Hoja yake, kwa maneno yangu: daktari alikuwa na jibu tayari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Mtu huyu ametoka kwao, hana mke hapa, hana heshima mtaani, analala chumba kimoja na wenzake, anaogopa kila siku. Maumivu yake hayana mahali pamoja kwa sababu maisha yake yote yanauma. Lakini fomu ya hospitali inataka mahali pamoja.

Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha kwanza, kile cha ngozi nyeusi na vinyago vyeupe. Alikuwa ametaka andiko hilo liwe tasnifu yake ya udaktari, likakataliwa, akalazimika kuandika nyingine juu ya ugonjwa wa neva. Naelewa kwa nini lilikataliwa. Ni kitabu cha saikolojia kinachosoma riwaya! Anamchukua Mayotte Capécia wa Martinique, anamchukua René Maran, anawasoma kama vile wamekaa mbele yake kliniki: mtu huyu anajionaje? Anataka nani ampende? Kwa nini anaona aibu? Anasoma hata vitabu vya picha vya watoto, hadithi za Tarzan na za wapelelezi wa porini, ambamo mshenzi ni Mweusi kila mara. Anauliza mtoto Mweusi anayesoma hizo hadithi anakaa upande gani. Anakaa upande wa mzungu, bila shaka, kwa sababu hadithi imemwekea kiti huko.

(Hapa niseme kidogo: kwa Capécia alikuwa mkali kupita kiasi. Maran, mwanamume, anamhurumia, mwanamke anamcheka. Wasomaji wanawake wamelisema hilo miaka mingi na mimi nakubaliana nao. Mtu anaweza kujua kusikiliza na bado sikio moja likaziba.)

Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu wa fasihi alikuwa na maswali yake matatu, tulikuwa tunamwiga tukiwa bwenini. Nani anasimulia? Nani yumo ndani ya hadithi lakini hasemi? Na msimulizi anapata faida gani tukimwamini? Sisi tuliona ni maswali ya mtihani. Kumbe Fanon alikuwa anayauliza hospitalini.

Na kulikuwa na sababu ya kuyauliza, maana wakati huo saikolojia yenyewe ilikuwa mikononi mwa wenye nguvu. Chuo Kikuu cha Algiers kilikuwa na profesa Antoine Porot na wanafunzi wake, waliofundisha kwamba Mwislamu wa Algeria kwa asili yake ni mwongo, anaamini kila kitu kama mtoto, na ana hamu ya kuua. Na tusidhani ni mambo ya mbali. Hapa jirani, Nairobi, hospitali ya Mathari iliongozwa tangu 1938 mpaka 1950 na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Alidai Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha andiko lake lingine, juu ya saikolojia ya Mau Mau.

Angalia kazi ya andiko la namna hiyo. Wakikuyu walikuwa wanadai ardhi. Daktari anasema tatizo ni akili zao zilizochanganyikiwa katikati ya mila na usasa. Dai la ardhi linageuka ugonjwa, na ugonjwa haujibiwi kwa ardhi. Carothers aliunga mkono watu wakusanywe vijijini, na katika miaka ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vyenye ulinzi. Sisemi aliwahamisha yeye. Serikali ilikuwa na sababu zake na bunduki zake. Yeye aliwapa maneno.

Hiyo sentensi niliyoandika kwenye fomu, nilipoifikiria baada ya kusoma haya, haikunipa usingizi.

Sasa nirudi nyuma hatua moja, kwa sababu kuna mkimbizi katika historia hii na watu wengi hawamjui. Jina lake François Tosquelles, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Katalonia, Hispania. Alikuwa upande wa jamhuri. Franco aliposhinda mwaka 1939, Tosquelles alivuka milima kwa miguu akaingia Ufaransa, na Wafaransa wakamweka kambini pamoja na maelfu ya Wahispania wengine, mahali paitwapo Septfonds. Matope na waya wa miba. Ndani ya kambi ile akaanzisha huduma ya watu waliochanganyikiwa, akisaidiwa na wakimbizi wenzake ambao wengi hawakuwa madaktari. Ndugu zangu tunaofanya kazi za kujitolea hapa kwa posho ndogo, mjue babu yetu alikuwa huko.

Mwaka 1940 alichukuliwa kufanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, kijijini, milimani. Wakati wa vita zaidi ya wagonjwa 40,000 walikufa katika hospitali za akili za Ufaransa, wengi kwa njaa. Saint-Alban walijitahidi kufungua milango: wagonjwa walifanya kazi kwa wakulima wa jirani na kubadilishana nao chakula. Mshairi Paul Éluard alijificha hapo mwaka 1943. Wagonjwa walikuwa na klabu yao na gazeti lao. Wazo la Tosquelles lilikuwa kwamba kabla ya kumtibu mgonjwa ni lazima uitibu hospitali yenyewe. Fanon alikwenda kujifunza kwake baada ya Lyon.

Kwa hiyo mwezi wa 11 mwaka 1953 Fanon alipofika Algeria kuongoza idara katika hospitali ya Blida-Joinville, alikuwa na dawa yake mfukoni. Alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Hospitali iliwatenga, kama koloni lilivyowatenga. Akaanza na wanawake: mikutano, filamu, muziki, kushona, sherehe, gazeti. Mambo yakaenda vizuri haraka. Wodi ikabadilika.

Akapeleka dawa ileile kwa wanaume Waislamu. Ikagoma kabisa. Mikutano ya jioni, watu kimya. Gazeti, hawaandiki. Kusuka vikapu, hawasuki. Miezi ikapita. Wauguzi wa zamani wakawa wanacheka chini chini: si tulikwambia, hawa ndivyo walivyo.

Hapa Fanon angeweza kujaza fomu. Hana ushirikiano. Badala yake yeye na mwanafunzi wake, Jacques Azoulay, walikaa wakajiuliza maswali, na mwaka 1954 wakachapisha makala ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kukiri kosa lao wenyewe. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote kingine cha Fanon. Gazeti lilishindwa kwa sababu wengi wa wale wanaume hawakujua kusoma. Hadithi kwao ilikuwa ya mdomo, inaletwa na msimulizi anayezunguka. Vikapu vilishindwa kwa sababu kusuka kwao ni kazi ya wanawake. Ukimpa mtu yuleyule jembe, analima bila kuombwa. Mikutano ilishindwa kwa sababu mtu hakai tu na wageni kwenye viti na kuanza kusema ya moyoni.

Tena kulikuwa na mkalimani. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle. Kila neno lilipita kwa muuguzi aliyekaa katikati. Na yule mgonjwa, kabla ya kuugua, alimwona mkalimani wapi? Mahakamani. Kwa mtawala. Mahali ambapo ukisema neno vibaya unafungwa. Kwa hiyo akimwona mkalimani amekaa pembeni ya daktari, anafunga mdomo, na anafanya hivyo akiwa na akili timamu kabisa.

Niliposoma sehemu hiyo nilifunga simu nikatoka nje.

Wakabadilisha. Wakafungua mgahawa wa kahawa wa kienyeji humo hospitalini, wanaume wakae kama wanavyokaa kwao. Wakasherehekea sikukuu za Kiislamu. Wakaleta msimulizi wa hadithi. Wodi ikaanza kusema.

Kuna jambo jingine la Blida ambalo ndilo limenifanya niandike. Wanasaikolojia walikuwa na kipimo kilichotungwa Marekani miaka ya 1930, chuoni Harvard. Mtu anaonyeshwa kadi zenye picha, mmoja baada ya nyingine, anaombwa atunge hadithi: nini kinatokea hapa, nini kilitangulia, mwisho utakuwaje. Kutokana na hadithi, mtaalamu anasoma moyo. Ukifikiria, ni somo la fasihi lililovaa koti jeupe. Fanon na mwenzake Charles Geronimi waliwapa kipimo hicho wanawake Waislamu, wakatoa ripoti mwaka 1956. Wanawake karibu hawakutunga kitu. Walitaja vitu vilivyomo, au walikaa wakihangaika kukisia daktari anataka nini. Mtaalamu wa Algiers angeandika: hawana uwezo wa kufikiri mambo yasiyoonekana.

Lakini katika kipimo kile kuna kadi moja, namba 16, ambayo haina picha. Nyeupe tupu. Kwenye kadi hiyo wanawake walewale walisimulia. Hadithi ndefu, zenye watu, zenye maisha.

Picha nyingine zilikuwa zimejaa watu wa dunia nyingine, vyumba vya Kizungu, samani za Kizungu, mavazi na mikao ya Kizungu. Hawakuwajua watu wale. Aba batu mi sibajuwe. Mtoto wa miaka 15 aliniambia matokeo ya utafiti wa Blida kwa maneno manne na mimi nikatafsiri kwamba hataki kujibu.

Sitaki mtu afikiri kwamba Fanon aliponya koloni kwa kahawa na hadithi. Vita vilianza Algeria mwezi wa 11 mwaka 1954, na hospitali ikaanza kupokea walioteswa, na pia polisi waliotesa, ambao usiku hawakulala. Mwisho wa mwaka 1956 aliandika barua ya kujiuzulu. Alieleza kwamba kazi ya tiba ya akili ni kumrudisha mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, na Mwaljeria alifanywa mgeni wa kudumu katika nchi yake mwenyewe. Utamtibu arudi wapi? Mwezi wa kwanza mwaka 1957 akafukuzwa nchini. Akaenda Tunis, akajiunga na wapigania uhuru, akaendelea kutibu, na kati ya aliowatibu walikuwemo wakimbizi Waaljeria wa mipakani, wakiwemo akina mama waliochanganyikiwa baada ya kujifungua ukimbizini. Hao wamo katika zile kurasa za nyuma ambazo mzee alinionyesha. Fanon alikufa kwa kansa ya damu tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1961, miaka 36, miezi michache tu kabla ya uhuru wa Algeria.

Mwaka 1962 huko Paris, mchapishaji François Maspero akatoa kitabu cha maelezo na michoro ya watoto wakimbizi wa Algeria waliokuwa Tunisia, Libya na Moroko. Watoto walioambiwa: sema, chora. Hawakupewa nyuso za kuchagua.

Wenzetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, msinielewe vibaya. Najua kadi zile zina kazi yake, na kwingine zinasaidia. Najua pia mnaandikiwa idadi ya fomu za kujaza kwa wiki. Na sisi wakaazi tusijifanye wasafi: ni sisi wakalimani tunaofupisha maneno ya watu wetu ili foleni iishe, tena tunachagua nani aonekane mwema. Mgao ukipungua, vijana wakigombana kwenye maji, ni rahisi kwa kila mtu kusema vijana wana shida ya akili. Maji hayatoshi. Hilo nalo liandikwe kwenye fomu.

Kijana wangu nilimtafuta. Ilinichukua muda, alikuwa ananikwepa, na haki yake. Nilianzisha kikao cha Jumamosi chini ya mti karibu na uwanja, vijana kumi hivi, kila mmoja anapewa karatasi tupu aisemee hadithi, si lazima iwe yake. Jumamosi ya tano akaja. Akaishika karatasi muda mrefu. Kiisha akaanza: kuna mtoto mmoja anachota maji na jerikani mbili, moja yake na moja ya tate wake ambaye miguu haitembei. Watu wa foleni wanasema mtu mmoja jerikani moja. Siku moja mkubwa mmoja akaipiga teke ile ya tate, ikapasuka. Akanyamaza. Mwenzake akamwuliza, na huyo mtoto alifanya nini? Akasema, "Sijuwe. Mi sikukuwa pale."

Nani anasimulia, nani yumo lakini hasemi. Sikumwuliza zaidi.

Nilirudi ofisini kuomba ule mstari wangu ufutwe. Wakaniambia fomu ikishaingia kwenye mfumo haifutwi, ila naweza kuambatanisha karatasi. Nikaandika ukurasa mzima, nikamsomea yeye kwanza kwa Kiswahili, akanisahihisha mahali pawili, ndipo nikautafsiri. Bado anapigana mara mojamoja. Orodha mpya ya kuchomelea haijabandikwa. Mshauri aliisoma ile karatasi mbele yangu mpaka mwisho, akakaa kidogo, akaniuliza hilo neno tate maana yake nini, na huyo bibi anakaa nyumba ipi.